Siku za Mwisho za Rais Si Mali Yake

Sheria ya mwaka 2012 inayosimamia kuingia madarakani kwa rais wa Kenya ina sharti ambalo wengi hulipita bila kulitilia maanani: kiapo sharti kiliwe hadharani, katika jiji kuu, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Msomaji asiyeijua historia yetu anaweza kudhani hayo ni mambo ya watu wa itifaki wanaopenda ratiba. Kila aliyekuwa Nairobi jioni ya Desemba 30, 2007 anajua saa hizo zilitoka wapi. Jioni ile mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, na muda mfupi baadaye, giza likianza kutanda, Kibaki akaapishwa katika bustani ya Ikulu mbele ya waalikwa wachache, huku vyombo vya habari vikipigwa marufuku kutangaza moja kwa moja. Nilikuwa nikiishi Ngumo wakati huo. Kutoka kwenye roshani niliona moshi ukipanda upande wa Kibera kabla hata sijaizima televisheni. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao.

Kwa hiyo tunapoandika katika sheria kwamba kiapo kiliwe jua likiwa juu, tunaandika kumbukumbu ya wafu. Mimi naiheshimu sheria ile kwa sababu hiyo. Hata hivyo, naamini tumejilinda upande mmoja tu. Tumeilinda vizuri siku ya mwisho ya rais anayeondoka, na kwa kiasi fulani tumezilinda wiki zake za mwisho, lakini miezi yake ya mwisho, ile inayotangulia kura, tumeiacha wazi kabisa, na humo ndimo yanamofanyika mambo ambayo mwananchi huyalipia kwa miaka.

Tangu mwaka 1963 urais wa Kenya umehama kutoka mtu mmoja hadi mwingine mara nne. Mara ya kwanza ulihama kwa kifo, Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Mombasa Agosti 22, 1978 na Makamu wake, Daniel arap Moi, kuchukua hatamu. Mara tatu zilizofuata ulihama kwa mkono, anayetoka na anayeingia wakiwa jukwaani pamoja: mwaka 2002, mwaka 2013 na mwaka 2022. Tunajivunia jambo hili, na tuna haki, kwa kuwa jirani yetu Uganda hajawahi hata mara moja kumwona rais aliyechaguliwa akimkabidhi madaraka kwa amani rais mwingine aliyechaguliwa.

Makabidhiano ya kwanza niliyaona kwa macho yangu. Uchaguzi ulifanyika Desemba 27, 2002, na siku tatu baadaye, Desemba 30, tulikuwa tumejaa Uhuru Park tangu alfajiri. Mvua ilikuwa imeulowesha mteremko, na kila aliyesogea aliwarushia wenzake tope hadi magotini. Mzee Kibaki aliletwa kwa kiti cha magurudumu, mguu ukiwa umefungwa plasta na shingo imeshikiliwa, kwa kuwa wiki chache kabla alikuwa amepata ajali ya barabarani. Mzee Moi, baada ya miaka 24, aliketi hatua chache kutoka kwake akisikiliza mrithi wake akisema kwamba anarithi nchi iliyoharibiwa vibaya na miaka ya utawala mbaya. Umati uliimba kwamba yote yawezekana bila Moi. Msafara wake ulirushiwa tope. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo, mkoba ameubana kwapani, aliyekuwa ameimba kwa nguvu kuliko sisi sote. Tope lilipoanza kuruka alinyamaza, akawaambia vijana waliokuwa kando yake, "Muacheni mzee aende nyumbani." Hawakumsikia. Siku hiyo hiyo Mzee Moi aliondoka Nairobi kwenda Kabarak.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi, na kila ninapoifikiria naona jinsi tulivyotegemea tabia ya mtu. Katiba ya zamani haikuwa na utaratibu wowote wa maana wa makabidhiano. Mgombea aliyependekezwa na Moi, Uhuru Kenyatta, alikubali kushindwa. Moi mwenyewe alikubali kwenda. Lakini miezi miwili tu kabla ya kura, Oktoba 2002, mzee huyo huyo alikuwa amelivunja Bunge siku chache kabla ya mkutano wa kitaifa wa katiba kuanza. Wabunge walikuwa sehemu ya wajumbe, kwa hiyo mkutano ule ukakwama hadi mwaka uliofuata. Alifanya hivyo kisheria, kwa kalamu yake, katika siku zake za mwisho. Historia inamkumbuka kwa uungwana wa Desemba, nami simnyimi sifa hiyo, ila nasema pia kwamba lile la Oktoba liliigharimu nchi kuliko tunavyokiri.

Kulikuwa na duka la bidhaa za rejareja Ngara ambako nilikuwa nikinunua mkate. Juu ya meza ya fedha palikuwa na picha ya Moi kwenye fremu, kama ilivyokuwa katika kila duka na kila ofisi nchini. Mwenye duka aliiteremsha mapema Januari 2003, na kwa wiki kadhaa ukuta ukabaki na msumari mtupu na alama ya mraba mweupe uliozungukwa na masizi ya miaka. Nilimuuliza mbona haweki mpya. Akanijibu kwamba anangoja kwanza aone kama mambo yametulia. Jibu lile halikuwa la woga. Lilikuwa la mtu aliyeishi chini ya marais wawili tu tangu uhuru, na ambaye hakuwa na njia yoyote ya kujua kama mabadiliko ya aina hii hudumu.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, katika bustani ile ile ya Uhuru Park, ilikuja kumpa mtu kama yule sababu ya kupigilia fremu yake bila kungoja. Inasema rais atahudumu kwa vipindi viwili vya miaka mitano na basi. Inasema ataapishwa na Jaji Mkuu, au naibu wake asipokuwepo, Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo yatangazwe, au Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu Mahakama ya Juu iuthibitishe ushindi ikiwa kuna kesi. Kisha kuna Kifungu cha 134, ambacho kwa maoni yangu ni miongoni mwa vifungu vyenye busara kubwa katika Katiba nzima, ingawa hakitajwi sana barabarani. Kifungu hicho kinasema kwamba kuanzia siku ya kura hadi rais mpya aapishwe, aliyemo Ikulu hawezi kuteua majaji wa mahakama za juu, hawezi kuteua wala kuwafuta kazi mawaziri na maafisa wengine wakuu wa serikali, hawezi kuteua mabalozi, hawezi kutoa msamaha kwa wafungwa, wala hawezi kutunuku nishani kwa niaba ya wananchi.

Tazama jinsi orodha hiyo ilivyopangwa. Haimwondolei rais uamirijeshi mkuu, maana nchi haiwezi kukaa hata siku moja bila mtu wa kuilinda. Inamwondolea zile nguvu ambazo mtu anayeondoka hushawishika kuzitumia kwa haraka: kuwalipa marafiki vyeo, kuwaokoa washirika waliofungwa, na kumwachia mrithi wake ofisi zilizojaa watu wasiomtii. Waandishi wa Katiba walijua kwamba mtu hata awe mwema, saa anapofunga mizigo yake mkono humwasha.

Mwaka 2013 mambo yalikwenda kwa utulivu. Kura ilipigwa Machi 4, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi Machi 30, na Aprili 9 Mzee Kibaki akamkabidhi Uhuru Kenyatta upanga na Katiba katika uwanja wa Kasarani. Ni siku 36 kutoka kura hadi kiapo.

Mwaka 2022 haukuwa mwepesi hivyo. Rais Kenyatta alikuwa amemuunga mkono Raila Odinga dhidi ya naibu wake mwenyewe, William Ruto, na ilipofika Agosti 15 Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, makamishna wanne wa tume wakiwa wameyakana matokeo hayo. Zilikuwa wiki za kushika pumzi. Septemba 5 Mahakama ya Juu ilithibitisha ushindi kwa kauli moja, na jioni hiyo Rais Kenyatta alilihutubia taifa akaahidi kuitii hukumu na kukabidhi madaraka, ijapokuwa hakumtaja mrithi wake kwa jina. Wapo waliokasirishwa na kimya hicho. Mimi sikukasirika. Rais anayeondoka hadaiwi tabasamu na nchi yake. Anadaiwa utiifu wa sheria, na siku ile utiifu ulitolewa waziwazi. Septemba 12 walikutana Ikulu wakashikana mikono, na kesho yake, Kasarani, upanga na Katiba vikabadilisha mikono mbele ya dunia, siku 35 baada ya kura.

Mpaka hapo sheria ilifanya kazi yake. Sasa turudi nyuma kidogo, hadi Julai mwaka huo.

Julai 20, 2022, wiki tatu kasoro siku moja kabla ya kura, serikali ilitangaza kwamba pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili, iliyokuwa ikiuzwa shilingi 205, itauzwa shilingi 100 kwa wiki nne. Kwa mwananchi wa Nairobi unga si habari ndogo. Mtoto anayelala na njaa Mukuru hajui maana ya ruzuku wala ya kampeni. Nilitoka siku mbili baadaye kuutafuta unga huo. Katika duka kubwa la kwanza nililoingia, rafu ilikuwa tupu, na karatasi iliyobandikwa ilisema kila mteja aruhusiwe pakiti mbili. La pili lilikuwa na unga wa bei ya zamani peke yake. Katika la tatu, karibu na kituo cha matatu, kulikuwa na foleni ya akina mama iliyopinda hadi kwenye sehemu ya sabuni, na mhudumu akiteremsha pakiti kutoka kwenye toroli moja kwa moja hadi mikononi mwao, maana hakukuwa na haja ya kuzipanga. Nilisimama dakika arobaini. Unga uliisha watu wanane mbele yangu.

Uchaguzi ulipopita, ruzuku ile nayo ikapita, na wenye viwanda vya kusaga wakabaki wakiidai serikali mpya fedha ambazo ile ya zamani iliahidi. Sisemi kwamba watu hawakustahili unga wa bei nafuu. Walistahili, na walistahili miezi mingi kabla ya hapo. Ninachosema ni kwamba serikali iliyokuwa na siku zinazohesabika ilitoa ahadi ambayo bili yake ilijua itafika mezani kwa mtu mwingine, na hakuna mstari hata mmoja katika Kifungu cha 134 unaogusa jambo hilo, kwa kuwa kifungu kinaamka siku ya kura. Siku ya kura mkono ulikuwa umeshatia saini.

Unga ni mfano mdogo. Deni la taifa lilikuwa chini ya shilingi trilioni 2 Uhuru Kenyatta alipoapishwa mwaka 2013, na alipoondoka lilikuwa limepita trilioni 8. Deni halifi na muhula wa aliyelikopa. Mkataba wa mkopo wa reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ulitiwa saini mwaka 2014, reli ikazinduliwa mwaka 2017, na miaka yote hiyo wananchi, wanaharakati na hata wabunge walipoomba kuuona mkataba waliambiwa hauwezi kutolewa. Ulianza kuonekana Novemba 2022, baada ya serikali kubadilika, waziri mpya alipozitoa baadhi ya kurasa. Fikiria maana yake: taifa lilikuja kusoma masharti ya deni lake kwa sababu tu mrithi hakuwa mtu wa aliyemtangulia. Kama angerithi aliyependekezwa, pengine tungekuwa tungali gizani.

Kuna pia yale ambayo rais huyaacha bila kuyafanya. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama iliwapendekeza majaji 41. Rais Kenyatta alikaa na orodha ile hadi Juni 2021, akawateua 34 na kuwaacha sita nje, mmoja akiwa ameshafariki, licha ya mahakama kuamuru vinginevyo. Wale sita waliteuliwa na Rais Ruto siku ile ile aliyoapishwa. Mtu anaweza kuona hapo ushindi wa utawala mpya. Mimi naona miaka mitatu ambayo watu sita walikaa wakingoja, na kesi za wananchi zikingoja pamoja nao, kwa sababu mamlaka ya rais anayeondoka ni pamoja na mamlaka ya kutofanya kitu mpaka muda wake uishe.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, na ni hoja nzito. Nchi haiwezi kusimama. Ukame hauulizi tarehe ya uchaguzi, mafuriko hayaulizi, wala Al-Shabaab hawaulizi. Ukimfunga rais mikono miezi mitatu kabla ya kura, utakuwa na serikali ya kivuli wakati nchi inahitaji serikali kamili. Tena huyo rais alichaguliwa kwa miaka mitano, hakuchaguliwa kwa minne na miezi tisa. Nakubali haya yote. Ndiyo maana sipendekezi kumzuia kufanya kazi. Napendekeza kwamba katika siku 90 za mwisho kabla ya kura, ahadi yoyote mpya ya fedha ambayo malipo yake yanavuka tarehe ya uchaguzi, iwe ni mkopo, mkataba mkubwa au ruzuku, ipitie Bungeni kwa kura ya wazi na gharama yake iandikwe hadharani. Kama njaa ni ya kweli, Bunge halitashindwa kuiona. Na kama wabunge nao wana haraka ya kwenda kuomba kura, angalau majina yao yatakuwa yameandikwa kando ya gharama hiyo.

Lipo jambo lingine linalonifanya nione haraka katika hili. Marais wetu wote watatu waliokabidhi kwa mkono walikuwa wamemaliza muda wao wa kikatiba. Moi hakuwa kwenye karatasi ya kura mwaka 2002, Kibaki hakuwa mwaka 2013, na Kenyatta hakuwa mwaka 2022. Mara mbili kati ya hizo tatu aliyeshindwa alikuwa kipenzi cha rais, lakini hakuwa rais. Kenya haijawahi kumwona rais aliye madarakani akishindwa yeye mwenyewe kisha akampa mshindi wake upanga. Mtu aliyejua tangu miaka mitano iliyopita kwamba anaondoka hupanga mizigo polepole. Aliyetarajia kubaki, akaambiwa Jumatatu kwamba ameshindwa, ni mtu wa aina nyingine.

Wapo waliopita njia hiyo kwa heshima. Kenneth Kaunda aliitawala Zambia kwa miaka 27, akakubali kufupisha muhula wake ili uchaguzi wa vyama vingi ufanyike, akashindwa na Frederick Chiluba Oktoba 31, 1991, na Novemba 2 akawa amekabidhi. Goodluck Jonathan wa Nigeria alimpigia simu Muhammadu Buhari mwaka 2015 kabla matokeo hayajatangazwa rasmi. Lakini Yahya Jammeh wa Gambia naye alipiga simu ya kukubali kushindwa, mwanzoni mwa Desemba 2016, na wiki moja tu baadaye akageuka. Iliwabidi majirani wapeleke majeshi, na mrithi wake, Adama Barrow, aliapishwa katika ubalozi wa nchi yake mjini Dakar. Nadhani wiki ile moja ndiyo ya kutazamwa. Ndani yake mtu aliyeshindwa hukaa na wapambe wake, akawaza ni nani atakayefungua makabati na atakuta nini ndani.

Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kaunda yule aliyekabidhi kwa siku mbili alikuja kuzuiwa kugombea tena kwa katiba iliyobadilishwa mwaka 1996, na mwaka 1997 akakamatwa. Kenya ilijaribu kuiondoa hofu ya aina hii kwa sheria ya mwaka 2003 ya mafao ya marais wastaafu, ambayo Mzee Moi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufaidika nayo: pensheni ya asilimia 80 ya mshahara, ofisi, magari na walinzi, kwa sharti kwamba mstaafu asishike wadhifa katika chama cha siasa kwa zaidi ya miezi sita baada ya kuondoka. Wakenya wengi hunung'unikia gharama hiyo. Mimi huihesabu kuwa miongoni mwa fedha za umma zinazotumika vyema, maana Ikulu yenye mtu anayeogopa kutoka ni ghali kuliko pensheni yoyote. Lakini pensheni huiondoa hofu ya umaskini. Hofu ya makabati huondolewa kwa kuyafungua mapema, yakiwa bado mikononi mwa mwenyewe.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Katika kura hiyo rais aliye madarakani ana haki ya kugombea muhula wa pili, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2017 karatasi ya kura inaweza kuwa na jina la mtu anayelala Ikulu. Sheria ya 2012 tayari ina kamati ya makabidhiano yenye kazi ya kuratibu taarifa anazopewa rais mteule. Bunge lingeweza kuiongezea jukumu moja tu: kupokea kutoka kwa kila wizara orodha ya mikataba, mikopo, malimbikizo ya madeni na nafasi za kazi zilizo wazi, ikiwa imetiwa saini na katibu wa wizara. Orodha hiyo iwe mezani kwa kamati, katika bahasha zilizofungwa, kufikia jioni ya Agosti 9, wakati hakuna mtu yeyote nchini, hata aliyemo Ikulu, anayejua ni nani atakayezifungua.